Mvumo wa Kitinda

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza, na paa la banda la mwisho linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya magunia ya pumba. Kaka aliapa kwamba angeliziba kabla ya masika. Nimemkumbusha kiapo chake, akasema, "Sasa ningejuaje linavuja wapi kabla mvua haijanyesha?" Huyo ndiye kaka yangu. Farasi awe mkorofi kiasi gani atamfundisha kusimama na kugeuka, ila yeye mwenyewe hajapata wa kumfundisha kushika nyundo.

Kiwele cha Bibie, jike letu kongwe, kimejaa na anazunguka zunguka bandani. Kama si leo ni kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Amezaa alfajiri, tena jike, rangi ya kahawia iliyoiva, na alama nyeupe puani kama mtu aliyechovya uso kwenye unga.

Baba alikuja na fimbo yake kwenye matope yote yale, maana hapa kwetu hakuna anayemgusa mtoto kabla yake. Alinawa mkono kwa maji ya moto, akapiga magoti, akaweka kiganja nyuma ya kiwiko cha mtoto, pale moyo unapopiga. Baba alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Njoo mama, njoo uone," akaniambia.

Niliweka mkono wangu. Moyo haukuwa unapiga tu. Chini ya mapigo kulikuwa na mtetemo, laini na wa haraka, kama paka anayekoroma mapajani.

"Anavuma," Baba akasema. "Anavuma kuliko baba yake."

Ndivyo tunavyochagua sisi, tangu enzi za babu. Mtoto mwenye mvumo anabaki, anakula vizuri, anapandishwa na mwenye mvumo mwenzake. Asiye nao anauzwa akavute mikokoteni, hata awe na miguu mizuri namna gani. Ngurumo, dume letu, alipata jina lake kwa huo mvumo, na watu huleta majike yao kutoka mbali kwa ajili hiyo. Yeye na Bibie ni baba mmoja, mama mbalimbali. Baba alisubiri miaka kuwakutanisha hawa wawili.

Baba hampi mtoto jina mpaka aache kunyonya. Mimi sina subira hiyo. Bibie amezeeka na tumekubaliana huyu ndiye wa mwisho, kwa hiyo namwita Kitinda. Baba asijue.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Kitinda amenyonya, amelala, amenyonya.

Jumatano, 12 Machi

Kuna kitu sikielewi. Akinyonya kidogo anaachia ziwa, anasimama akihema, kisha anarudi tena. Nilimwambia Kaka aje atazame. Alitazama akiwa ameegemea mlango.

"Si kama wewe tu? Nusu sahani, halafu hadithi, halafu nusu sahani."

Nilimrushia brashi.

Jumamosi, 15 Machi

Mbavu zimeanza kuonekana. Mtoto wa farasi wa umri huu anatakiwa kuwa msumbufu, ampande mama yake mgongoni, aume kila kitu. Huyu anasimama na kutazama. Baba anasema ana haya.

Jumanne, 18 Machi

Daktari wa mifugo, binti wa rika langu, alikuja kuchanja. Baba humwita daktari wa ng'ombe, tena mbele yake, naye hucheka tu, maana ni kweli kazi zake nyingi ni za ng'ombe. Alimaliza wakubwa, akamfikia Kitinda. Akaweka kifaa chake cha kusikilizia ubavuni kushoto. Akakaa. Akahamia kulia, akakaa zaidi. Akarudi kushoto.

Baba akanikonyeza. Tabasamu lilikuwa limefika masikioni.

"Umeusikia, eh? Sema ukweli wako, Daktari. Umewahi kusikia moyo kama huo?"

Daktari alivua kifaa, akakiviringisha taratibu. "Mzee, hali hii mmeijua tangu lini?"

"Tangu marehemu baba yangu."

"Na mnaionaje?"

"Tunaionaje? Ndiyo nguvu yenyewe hiyo! Ndiyo sababu farasi wetu ni farasi."

Daktari akachuchumaa ili azungumze na Baba aliyekuwa amekaa kwenye gunia. Hilo nimelikumbuka baadaye, kwamba alichuchumaa. "Mzee wangu, hiyo si nguvu. Moyo una ukuta katikati, unaotenga damu inayotoka mapafuni na ile inayokwenda mapafuni. Ukuta wa huyu mtoto una tundu. Amezaliwa nalo. Unachokisikia kwa mkono ni damu inapenya mahali isipotakiwa kupita."

Baba alicheka. Alicheka kweli, akagonga fimbo chini. "Wenye matundu ni ng'ombe wako. Chanja uende zako, mwanangu, mvua inarudi."

Alichanja. Nilimsindikiza mpaka langoni kwa sababu adabu ni adabu, lakini nilimchukia. Nilichukia sauti yake ya upole na viatu vyake vya mpira. Alipopanda pikipiki aliniambia, "Anahema akinyonya, sivyo?" Nilifunga lango.

Alhamisi, 20 Machi

Anahema akinyonya.

Jumamosi, 22 Machi

Nimempigia simu Daktari bila kumwambia Baba. Amekuja na mashine ya picha aliyoazima, Kaka akamshika mtoto, mimi nikashika mwavuli juu ya mashine kwa sababu ya lile paa. Nimeona kwa macho yangu. Moyo unafunguka na kufumba kama mdomo wa samaki, na katikati, pale panapotakiwa ukuta, pana mwanya. Ningeweza kupitisha kidole gumba.

"Mengine hujifunga yenyewe," Daktari akasema. "Madogo. Hili si dogo, sitaki kukudanganya."

Mimi nilisikia neno moja tu, hujifunga.

Kisha akaomba kuwasikiliza wakubwa. Bibie ana sauti hiyohiyo, na Ngurumo pia. Ya kwao ni matundu madogo, anasema, na farasi mwenye tundu dogo anaweza kukimbia maisha yake yote na asijulikane. "Lakini mkiwakutanisha wawili, ndugu, kila msimu..." Hakumalizia. Kaka ndiye aliyemalizia, naye sijawahi kumwona hana utani mdomoni namna ile. "Tumekuwa tukiwachagua wagonjwa."

Jumapili, 23 Machi

Nimekaa nikikumbuka. Bibie alizaa mara mbili kabla ya huyu, kwa dume jingine la ukoo wetu. Wa kwanza alikufa ghafla, tukasema baridi. Wa pili alikonda akafa, tukasema maziwa ya Bibie hayana kitu, nikambadilishia chakula, nikamlaumu mnyama wa watu. Wote wawili walivuma. Nakumbuka Baba alivyofurahi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia Baba. Amesema maneno machache. "Sisi tumefuga kabla bibi yake huyo binti hajazaliwa." Hakugusa chai.

Jumatano, 26 Machi

Dawa ya kutoa maji mwilini, asubuhi na jioni. Kutotoka nje, kutokimbia. Nimeweka komeo jipya mlangoni. Kitinda anachungulia kwenye upenyo, na anapoona farasi wenzake wanatoka anakwaruza mlango kwa kwato. Kidogo tu, halafu anachoka.

Jumapili, 30 Machi

Mvua. Anakojoa sana, ndiyo dawa. Anapumua vizuri zaidi! Amenyonya bila kupumzika, nimemwangalia mwanzo mpaka mwisho.

Alhamisi, 3 Aprili

Baba anapita mbele ya banda bila kugeuza shingo. Hatuongei ila mambo ya majani na maji. Nilikuwa nadhani hakuna kitu asichokijua Baba. Sasa namtazama akitembea uani, namwona mzee aliyevaa koti kubwa kuliko yeye, na hilo linanikasirisha zaidi kuliko ubishi wake.

Jumanne, 8 Aprili

Leo jua lilitoka. Nilikwenda kuchukua dawa kwa Daktari. Niliporudi nilisikia kelele za kwato kwenye uwanja wa nyuma, nikajua kabla sijafika.

Baba alikuwa amefungua komeo. Amesimama katikati ya uwanja na fimbo yake, Bibie anakimbia kumzunguka, na Kitinda nyuma ya mama yake, mkia juu, anakimbia. Mungu wangu, alivyokuwa mzuri. Naandika hili kwa aibu: kwa muda mfupi nilifurahi. Nilisimama kwenye ua nikasema moyoni, labda wote wamekosea, mtazame.

"Unaona?" Baba akanipigia kelele. "Mgonjwa gani huyu?"

Kitinda akapunguza mwendo. Akasimama, miguu ameitanua kama meza. Akatikisa kichwa mara moja, kisha miguu ya nyuma ikaenda upande wake na ya mbele upande wake, akaanguka kwenye matope.

Sikumbuki nilivyoruka ua. Ulimi wake ulikuwa umegeuka rangi, zambarau iliyopauka. Macho wazi, hayanioni. Nilimsugua shingo, nikamwita, nikampulizia puani kama mjinga. Bibie alikuja akasimama juu yetu, matone yanamtoka kwenye kiwele yananidondokea mgongoni. Baba alipiga magoti upande wa pili. Aliweka mkono nyuma ya kiwiko, kwa mazoea tu nadhani, kisha akauondoa haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

Alizinduka. Kaka alimbeba mpaka bandani mikononi kama mtoto wa mtu, na Kitinda hakupigana. Mtoto wa farasi ambaye hapigani akibebwa!

Baba alibaki amepiga magoti matopeni. Nilirudi kumwinua, na nilikuwa na maneno tayari, makali, niliyoyapanga njiani. Akaniwahi.

"Wote hao nimewachagua mimi," akasema. "Wale wazima nikawauza wakavute mikokoteni." Akatazama kiganja chake kilichojaa tope. "Kwa mkono huu."

Nilimfuta mkono kwa kitenge changu, tukaenda ndani.

Jumatano, 9 Aprili

Ananyonya kidogo. Daktari ameongeza dawa.

Ijumaa, 11 Aprili

Baba ameongea asubuhi, mbele yetu sote. Anataka Kitinda apigwe sindano ya kumpumzisha. "Inatosha. Nimemtesa, sitaki aendelee kuteseka."

Nikamwambia, "Juzi alikuwa bingwa, leo ndiyo afe? Baba, huyu si shati, ulivae ukilipenda, ulivue likichafuka!"

Sijawahi kumwinulia Baba sauti maishani mwangu. Kaka alitazama sakafu. Daktari, ambaye alikuwa anafungasha mkoba, alisema polepole kwamba Mzee hajakosea. Nikamwambia na yeye: wewe ndiye uliyesema hujifunga.

"Nilisema madogo, dada."

"Ulisema hujifunga."

Baba aliinuka. "Mwachieni," akasema. "Ndiye anayemlea. Atasema yeye."

Kwa hiyo sasa ni mimi. Nilishinda. Kwa nini najiona kama niliyeshindwa?

Jumapili, 13 Aprili

Mvua kubwa. Kaka ameziba paa. Sikumtania.

Jumatano, 16 Aprili

Miguu imevimba chini. Namkanda. Anakaza kichwa begani kwangu, pumzi yake inanuka maziwa.

Jumamosi, 19 Aprili

MVUMO UMEPUNGUA. Naandika kwa herufi kubwa ili niamini. Kila asubuhi namwekea kiganja, na wiki hii nilikuwa nahisi unafifia, nikaogopa kusema nisije nikauharibu. Leo nimehisi mapigo tu. Yanakwenda mbio, lakini mtetemo ule ni kidogo mno, karibu haupo. Nimemwita Kaka athibitishe. Naye amehisi hivyo hivyo. Tumekumbatiana kwenye majani makavu kama watoto.

Linajifunga. Tundu linajifunga! Nimempigia Daktari, nimempigia kelele kwenye simu, akasema anakuja. Nilimwambia Baba dirishani. Akasema, "Tumsubiri Daktari, mama." Hata hilo halikuniudhi. Nimeimba nikichota maji.

Jumapili, 20 Aprili

Alikuja mapema, kwenye mvua, siku ya mapumziko yake. Alisikiliza. Alimfunua mdomo, akatazama ufizi. Nilikuwa nimeona ufizi huo kila siku na sikuuona. Rangi ya wingu la mvua.

Tulikaa kwenye gunia, mimi na yeye. Alinieleza huku amenishika kifundo cha mkono, na nilimwacha anishike.

"Ule mvumo ulikuwa damu inapenya kwa nguvu, kutoka upande wenye nguvu kwenda upande wa mapafu ulio dhaifu. Ukiuhisi, maana yake pande mbili bado ziko tofauti. Sasa upande wa mapafu umelemewa mpaka umekuwa mgumu, zimelingana. Hakuna tena kinachosukuma. Damu safi na chafu zinachanganyika tu. Ndiyo maana kumetulia, dada. Hajapona."

"Kwa hiyo alipokuwa anavuma..."

"Alikuwa na nafuu kuliko leo."

Nilicheka. Sijui kwa nini. Ukoo mzima tumekaa tukisifia mvumo uliokuwa ugonjwa, na mimi mjanja wao nikaja kusherehekea mvumo ulipokufa. Nilicheka mpaka nikalia, na yeye akalia pia, daktari wa ng'ombe, akafuta pua kwa mkono wa koti.

"Ana muda gani?" nikamwuliza.

"Muda anao. Ila hautakuwa muda mzuri."

Bado sikusema ndiyo. Nilimwambia nitafikiri. Aliondoka kwenye mvua ileile.

Jumanne, 22 Aprili

Nafikiri.

Alhamisi, 24 Aprili

Anakohoa. Nimemwomba Mungu, nimeahidi vitu ambavyo si vyangu kuahidi. Nimemwambia achukue Ngurumo, achukue banda zima, aniachie huyu mmoja.

Jumamosi, 26 Aprili

Baba ameleta kiti chake bandani, anakaa nami. Hasemi lolote kuhusu sindano. Leo alimchania Kitinda singa kwa kitana chake mwenyewe cha mfukoni. Nilikuwa nikingoja anilaumu. Ningependa anilaumu.

Jumatatu, 28 Aprili

Asubuhi alijaribu kunyonya. Akikamata ziwa hapati pumzi, akivuta pumzi ziwa linamtoka. Alijaribu, akajaribu. Bibie alijisogeza, akainua mguu wa nyuma, akainama upande ili kiwele kimfikie, mnyama asiye na mikono akifanya kila awezalo. Maziwa yalimwagika puani mwa mtoto. Hakuwa na nguvu ya kuyalamba. Aliweka paji la uso kwenye paja la mama yake, akasimama hivyo, na mbavu zinakwenda, zinakwenda, zinakwenda.

Nilimtazama, nikaona kwamba hapa anayetaka aishi ni mimi peke yangu. Yeye anataka kupumua tu, na mimi namzuia.

Nimempigia Daktari mwenyewe. Aliuliza, "Nani atamshika?" Nikasema mimi.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua ilitupa nafasi. Kaka alimbeba nje, akamlaza kwenye majani mabichi ambayo hakuwahi kuyala. Daktari aliuliza kama mama yake aondolewe. Baba akasema hapana, amnuse, la sivyo atamtafuta. Nilishika kichwa chake mapajani. Sikio lake lilikuwa la moto. Nilimwambia jina lake, mbele ya Baba, na Baba akalirudia, "Kitinda," kana kwamba ndiye aliyempa.

Sindano haikuchukua muda. Nilihisi shingo ikiwa nzito, basi. Bibie alimnusa kuanzia pua mpaka mkia, akamsukuma kwa mdomo ainuke. Akamsukuma tena. Kaka aligeuka akaenda kusimama kwenye ua, mabega yanamtikisika.

Jumatano, 30 Aprili

Bibie anaita. Tangu jana anaita.

Ijumaa, 2 Mei

Daktari amemhasi Ngurumo. Baba ndiye aliyemshikia hatamu. Kisha alikaa na simu siku nzima akiwapigia wenye watoto wa Ngurumo, mmoja mmoja. "Usimpandishe. Mpeleke akasikilizwe. Hapana, si wivu wa biashara, nisikilize, ni kosa langu." Wengine walimkatia. Aliwapigia tena.

Jumatatu, 5 Mei

Bibie anaita. Kiwele kimejaa, nimemkamua kidogo kumpunguzia maumivu, nikamwaga kwenye mfereji. Sauti yake imekauka.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua zinapungua. Anaita asubuhi tu.

Jumatatu, 12 Mei

Leo Bibie hajaita. Nilisimama mlangoni pake nikimsubiri, nikaacha hata kazi. Alikula majani yote, akanywa maji, akanigeukia akaanza kunusa mifuko yangu akitaka pumba. Kaka anasema ndivyo walivyo, na tumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Nimemnyima pumba. Mnyama mzee, mfiwa, nimemnyima chakula kwa sababu ameacha kulia kabla yangu. Alinisubiri, kisha akaenda zake kwenye kona. Nikakaa chini pale mlangoni, nikaanza kuita mimi, Kitinda, Kitinda, kwa sauti yote, mpaka Baba alipokuja kuniinua.